Upande wa Kulia wa Boneti Bado Unavuja

Mvua haijaanguka, lakini mwenye gari ameshalowa. Jasho linamtiririka shingoni, tai ameilegeza, na macho yake hayabanduki kwenye wingu lililokaa juu ya uwanja wa kuoshea magari kama godoro bovu.

"Mama Boneti, fanya hima basi," anasema. "Hiyo inakuja."

"Ije tu," anajibu mwanamke aliyeinama mbele ya gari. "Kwani imekutumia salamu?"

Gari lenyewe ni jeupe, la spoti, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba anayeliosha matairi lazima apige magoti. Juu ya boneti kuna matundu marefu, matatu kila upande, yaliyopasuliwa kama mashavu ya samaki. Hayakuwekwa kwa urembo. Injini ya gari la namna hii inachemka vibaya, na matundu ndiyo yanayoipumulisha. Taabu yake ni moja: tundu linalotoa joto halijui kukataa maji.

Hapo ndipo mwanamke huyu anapopatia riziki.

Jina alilopewa na wazazi wake halitumiki uwanjani hapa. Ni Mama Boneti, kwa wakubwa na wadogo. Umri wake umevuka hamsini, mwili mkavu, viatu vya mpira hadi magotini, sauti imekwaruza kwa miaka mingi ya kushindana na kelele za mashine ya presha. Waoshaji wengine wanagombea mabasi madogo na teksi. Yeye akiona gari lenye boneti nzima hata hanyanyuki kwenye ndoo aliyoikalia. "Hilo halina mdomo," anasema. "Mpeni mwingine."

Magari yenye mdomo si mengi. Wiki nyingine yanakuja manne, wiki nyingine hakuna hata moja, na siku hizo anaosha mazulia ya magari ya watu ili apate cha kupika. Lakini wenye magari hayo wanamfuata yeye tu, na wengine wanatoka mbali.

Anaweka kiganja juu ya boneti nyeupe na kukiacha hapo, kama mama anayempima mtoto.

"Bado lina homa. Likae kwanza."

"Mvua, Mama Boneti!"

"Daktari, wewe ukimng'oa mtu jino kabla ganzi haijashika, inakuwaje?"

Mwenye gari ni daktari wa meno. Anacheka kwa shingo upande na kwenda kukaa kwenye benchi.

Gari likipoa, Mama Boneti anafungua boneti na kuanza kuvalisha injini. Mfuko wa plastiki juu ya altaneta, ile inayochaji betri. Mwingine juu ya kisanduku cha fyuzi. Mwingine, mnene kuliko yote, juu ya chujio la hewa. Kila mfuko anaufunga kwa ukanda mrefu wa kitambaa chekundu aliochana kwenye pazia kuukuu la nyumbani kwake, na ncha zote za kanda anazipitisha dirishani na kuzifunga kwenye usukani. Ukiingia kuendesha, unakutana na fundo jekundu kifuani.

Kanda hizo zina historia, na mhusika yupo kwenye benchi. Zamani, kabla ya kanda, daktari alikuwa na haraka zake. Mama Boneti akageuka kuchukua ndoo, daktari akaruka ndani, akawasha, akaondoka. Injini ikauvuta mfuko wa chujio kama mtu anayekunywa uji, na gari likazima katikati ya njia panda, honi kila upande.

"Nilidhani nimeua mtu," daktari anasema.

"Uliua mfuko wangu," Mama Boneti anamrekebisha. "Na hujaulipa."

Hata hivyo daktari alirudi wiki ile ile, na hakurudi kugomba. Alikuja na kioo kidogo chenye mpini mrefu, kile cha kuchungulia meno ya nyuma, akampa. Tangu siku hiyo Mama Boneti anachungulia nacho mashimo ya plagi, kuona kama kuna tone limejificha humo chini. Kioo kinakaa mfuko wa kifuani, na hakiazimwi.

Kisha anaosha. Mashine ya presha ni ya matairi na uvungu. Juu ya matundu haipiti kamwe, maana maji ya presha yanapenya hata pale ambapo mvua isingefika. Boneti anaiosha kwa sifongo na kopo, anamimina kidogo kidogo akielekeza maji pembeni. Katikati ya mashavu anapitisha brashi ya rangi.

"Kama unamwosha mtoto mchanga," anasema. "Masikio, taratibu."

Mvua yenyewe, anasema, haina ubaya ambao watu wanaidhania. Injini imetengenezwa ivumilie matone. Kinachowaua watu ni woga. Tone likidondokea eksozi ya moto, mvuke mweupe unapanda matunduni, na asiyejua anaona gari linaungua. Mlinzi wa hoteli moja aliona mvuke huo, akakimbia na mtungi wa kuzimia moto, akaumimina wote ndani ya mashavu ya gari la mgeni. Mgeni alikuwa bado anakunywa chai.

"Lile gari nililiosha siku nzima," anakumbuka. "Nilipiga chafya za unga mpaka jirani akaniuliza kama nimefungua mashine ya kusaga."

Anacheka, halafu kicheko kinapungua. Matone ya kwanza yanagonga paa la bati la banda.

"Gari likitembea, upepo wa chini unasukuma maji nje. Hata inyeshe vipi, haliingii kitu. Likisimama ndiyo balaa. Likisimama, mvua inaingia inavyotaka."

Anasema hivyo huku akitazama nyuma ya banda, ambako kuna kitu kimefunikwa turubai.

Mvua inakolea. Uwanja mzima unakimbia kufunika: maboksi ya sabuni, mazulia, pikipiki. Mama Boneti peke yake anakwenda kufunua. Anakunja turubai hadi katikati, na boneti ya bluu iliyofifia inatokeza, nayo ina mashavu matatu kulia na matatu kushoto. Watu wa hapa wameshazoea. Mgeni ndiye anayeduwaa: kila mtu anakinga mvua, huyu anaikaribisha.

Simu inaita. Anabonyeza spika, kwa kuwa mikono yake ina sabuni.

"Mwenye mali," inasema sauti ya mwanamume, nzito, ikitoka mbali. "Nimeona kwenye habari. Kumenyesha?"

"Inanyesha sasa hivi, Fundi. Sikiliza."

Anaishusha simu karibu na mashavu ya kushoto. Maji yanasikika yakiteleza kwenye bati na kutokomea bombani. Anaihamishia kulia. Huku sauti ni nyingine kabisa: ta, ta, ta, kama vidole juu ya meza.

Fundi ni mumewe. Alikuwa fundi wa bodi, gereji yake ikipakana na uwanja huu, na walijuana kwa ugomvi wa maji machafu yaliyotiririka kutoka kwa Mama Boneti hadi miguuni mwa Fundi. Gari hili walilinunua pamoja likiwa mzoga, limejikunja baada ya kubusu ukuta. Fundi alilinyoosha kwa miezi, kila jioni, akiacha magari ya wateja yakisubiri. Lilipowaka, likawa linachemka. Akachukua mkasi wa bati akapasua boneti.

"Nilimwambia, baba we, umenyoosha gari mwaka mzima, sasa unalitoboa?" mkewe anasimulia. "Akaniambia, lipumue. Mvua ya kwanza, koili za umeme zikalowa, likaanza kukohoa. Nikamwambia, haya, limepumua, sasa lina mafua."

Fundi akabuni dawa. Chini ya mashavu akafunga mchirizi wa bati, mfano wa ule wa paa la nyumba, unaokusanya maji na kuyapeleka kwenye bomba dogo linalomwaga karibu na tairi. Alimaliza upande wa kushoto. Siku alipokuwa anataka kuanza kulia, ikaja habari ya kazi: gereji kubwa nchi ya mbali inataka mafundi wa bodi, na wanaotaka waondoke juma hilo hilo.

"Kulia nitamalizia nikirudi," alisema.

Wakati huo binti yao alikuwa anajifunza kusoma. Sasa binti ana mtoto wake anayejifunza kusoma.

Mkataba ulizaa mkataba. Fundi hutuma matumizi, hakosi, na hapigi simu hivi hivi. Hupiga mvua ikinyesha. Huko aliko mvua ni kitu cha kuonyeshana kwenye televisheni. Alirudi mara moja tu, kumzika mama yake; siku chache za msiba, nyumba imejaa watu, hakuna aliyekumbuka kufunua turubai.

Upande wa kulia Mama Boneti ameweka beseni dogo la plastiki, limebanwa kati ya injini na ubavu wa gari. Mvua ikikatika analimwaga. Kila Jumapili analitoa, anafungua kanda nyekundu, anawasha gari, analisikiliza, anazima, anafunga tena.

Mwoshaji mwenzake, mwanamume mfupi mwenye hasira za karibu anayeitwa Kiberiti, aliwahi kuwa kibarua wa Fundi. Ameshaomba mara nyingi amalizie ule mchirizi.

"Shemeji, nipe jioni moja tu na kipande cha bati. Unaweka beseni ndani ya gari kama nyumba ya mlevi!"

"Acha kama lilivyo."

"Kwa nini lakini?"

"Nikimaliza, yeye atarudi kufanya nini?"

Huwa analisema kwa mzaha. Kisha anakwenda kukamua sifongo ambalo halina maji.

Siku hii simu haiishii kwenye kusikiliza mvua. Fundi anakohoa kidogo.

"Na kiwanja wamesemaje?"

"Mwisho wa mwezi tuwe tumetoka. Mwenye kiwanja anajenga maduka. Sisi tunahamia kule nyuma ya kituo cha mafuta, ni kijinafasi cha magari mawili, ukigeuka unagonga ukuta."

"Na gari?"

"Nitatafuta pa kuliweka."

Mvua inapiga beseni. Fundi anasema haraka haraka, kama mtu aliyekariri njiani.

"Mwenye mali, nimewaza. Liuze. Yule daktari wako si alilitaka?"

"Analitaka hata leo."

"Basi mpe."

"Na upande wa kulia?"

"Atamalizia mwenyewe."

Mama Boneti anatazama simu. Haagi. Anaizima, anaifuta sabuni kwenye sketi, anaitia mfukoni, na anabaki amesimama mvuani, maji yakimwingia shingoni. Kiberiti, ambaye amesikia yote, anajifanya anatafuta ufunguo wa mashine.

"Gari hata akinipa jipya sitalilia," anasema baadaye, amekaa kwenye ndoo yake. "Ila aliposema daktari atamalizia mwenyewe, nikaelewa. Yeye hana tena mpango wa kuja kumalizia."

Asubuhi inayofuata uwanja umekauka nusu. Daktari anafika bila gari lake, kwa miguu, mikono nyuma. Binti wa Mama Boneti amempigia. Binti anataka gari liuzwe. Anasema mama yake analea chuma, na chuma hakimwiti mtu mama.

"Nimesikia linauzwa," daktari anasema.

"Umesikia kwa mtu asiye na gari."

"Nitakupa bei nzuri. Na nitalitunza, unanijua."

"Nakujua. Ulikunywa mfuko wangu."

Daktari anacheka, kisha anatulia. Ni mtu mwema. Anazunguka gari la bluu, anapitisha kidole kwenye mashavu ya boneti, na anaona fundo jekundu kwenye usukani.

"Sikiliza, dada. Kama huuzi, liweke kwangu. Bure. Nina banda zuri, kavu, paa la zege. Hata tone halitaligusa."

"Hata tone?"

"Hata moja. Hutasikia mvua kabisa."

Mama Boneti anatikisa kichwa. "Basi hapana, Daktari. Asante sana, Mungu akuzidishie. Lakini hapana."

Daktari anaondoka na uso wa mtu aliyegawa dawa ya maumivu ikakataliwa. Kiberiti anamfuata shemejiye na kuuliza kama ana akili timamu. Paa la bure, mlinzi getini, anataka nini tena?

"Dada yako ana uwanja nyuma ya nyumba," Mama Boneti anamjibu. "Una paa?"

"Una kuku."

"Kuku wana paa?"

"Wana banda lao."

"Basi niombee. Nitaosha gari la mumewe kila wiki."

Mvua nyingine inakuja siku chache tu kabla ya kuhama. Inakuja mchana, ghafla, yenye matone mazito. Mama Boneti anakwenda nyuma ya banda na kukunja turubai. Simu ameishika mkononi, sabuni ameinawa. Mvua inapiga boneti, inateleza kushoto, inagonga kulia. Simu haiiti.

Anasubiri. Kiberiti anamletea mwavuli, anamwekea juu ya kichwa, naye anausogeza pembeni ili usizuie maji yasiangukie boneti.

Mvua inaanza kupungua. Katika miaka yote hii yeye hajawahi kupiga. Anayepiga ni aliye mbali. Leo anapiga.

Inaita muda mrefu.

"Mwenye mali?" Sauti ina wasiwasi. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Sikiliza."

Anaishusha simu kulia. Ta, ta, ta.

"Hilo ni beseni," Fundi anasema.

"Ni beseni."

"Hukuuza."

"Sikuuza."

"Ningejua ningepiga. Nilidhani halipo. Nimeona mvua kwenye habari nikajiuliza, sasa nipige niulize nini?"

Mama Boneti amefumba macho.

"Haya," Fundi anasema, na hapa anajaribu kuwa fundi. "Kama huuzi, lisiendelee kuvuja. Nipimie huo upande wa kulia, urefu wake. Nitakata bati huku, nilikunje vizuri, nimpe mtu aje nalo. Kiberiti atalifunga."

Kwa hiyo mchirizi utakuja, na mwenyewe atabaki. Mama Boneti analielewa hilo kama alivyolielewa lile la kwanza. Lakini ameambiwa apime. Anafungua boneti na kutandaza kiganja chake kwenye ukingo wa bati lenye unyevu, dole gumba hadi kidole cha mwisho, anakihamisha, anakitandaza tena.

"Shibiri nne na vidole viwili."

"Shibiri zako au zangu?"

"Zangu," anasema. "Zako nimezisahau."

Simu inanyamaza. Kiberiti anadhani imekatika, ananyoosha shingo kutazama kioo cha simu. Haijakatika. Kwa mbali, upande wa pili, unasikika mgongano wa vyuma, mtu anapigapiga nyundo, kisha mlango unafungwa na nyundo haisikiki tena.

"Acha," Fundi anasema. Sauti imebadilika. "Usipime. Nitakuja kupima mwenyewe."

"Lini?"

"Mkataba huu ukiisha sitasaini mwingine. Kabla ya mvua zijazo."

"Umeshawahi kusema."

"Nilikuwa nasema nitakuja kumalizia gari."

Mama Boneti haruki kwa furaha, wala halii. Anasema, "Haya, Fundi, tutaonana," kwa sauti ile ile anayoagana nayo na wateja. Ila anapoirudisha simu mfukoni anaukosa mfuko mara mbili.

"Maneno ya simu hayo," anasema baada ya kitambo, bila kuulizwa. "Nimeyasikia mengi. Siwezi kuyapikia." Kisha anaongeza, akitazama kiganja chake, "Lakini kabla ya leo hakuwahi kukataa kipimo changu."

Siku ya kuhama, uwanja umejaa vumbi la wabomoaji. Banda limeshang'olewa bati. Mama Boneti anaingia ndani ya gari la bluu, anafungua kanda nyekundu kwenye usukani, moja baada ya nyingine, na anahakikisha kila mfuko umetoka. Anachungulia mashimo ya plagi kwa kioo cha daktari. Pakavu. Beseni analiweka kwenye kiti cha abiria.

Injini inashika mara ya pili. Hajawahi kuliendesha gari hili nje ya uwanja. Kiberiti anatangulia kwa miguu, amevua shati analipeperusha, anazuia pikipiki na wauza maji kama askari wa msafara.

"Pisheni! Pisheni mwenye mali!"

"Ongeza mwendo, Kiberiti, unanichomea klachi!"

"Mimi si mashine, shemeji!"

Wanafika uani kwa dada yake Kiberiti wakiwa wamefuatwa na nusu ya mtaa. Kuku wanatawanyika. Hakuna paa, ni anga tupu na kamba ya nguo. Mama Boneti anazima, anafungua boneti, anarudisha beseni mahali pake upande wa kulia ingawa mbingu ni nyeupe pe, na anafunga kanda.

Kituo kipya nyuma ya kituo cha mafuta kweli ni kidogo. Magari yenye mdomo yameshapajua. Jeupe la daktari lilikuwa la kwanza. Jioni, akimaliza kazi, Mama Boneti anakwenda kujifunza sheria za barabarani kwa mwalimu wa udereva aliye mdogo kuliko binti yake. Anataka leseni mkononi kabla ya mvua zijazo. Mpango wake ni kumpokea Fundi kwa gari hilo hilo, yeye akiwa kwenye usukani, Fundi kwenye kiti cha abiria, na beseni wamelitoa wameliacha nyumbani.

Anachoomba ni kwamba siku hiyo inyeshe.

Kiberiti anamshangaa. Mtu anasubiri miaka yote hiyo, halafu anaombea mvua siku ya kumpokea mumewe, na upande wa kulia hauna mchirizi, na beseni halimo? Si litaingia maji lote?

"Halitaingia," Mama Boneti anamjibu, akipitisha brashi kwenye mashavu ya boneti. "Tutakuwa tunatembea."